Ipime nyota kwanza: jinsi ya kulinganisha nyota na sayari zake kwa data za bure

Kazi hii haihitaji darubini, wala huhitaji kutoka Nairobi kutafuta giza. Data zote zipo bure kwenye NASA Exoplanet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya sayari zinazozunguka nyota nyingine mbali na Jua, na kompyuta ya kawaida yenye LibreOffice au Python inatosha. Kinachohitajika zaidi ni kukumbuka jambo moja kila wakati: karibu kila namba ya sayari imezaliwa na namba ya nyota yake. Ukiikosea nyota, umeikosea sayari.

Mfano wetu ni wa nyumbani. Nyota GJ 1214 inaitwa rasmi Orkaria na sayari yake Enaiposha, majina ya Kimaasai yaliyopendekezwa na timu kutoka Kenya na kukubaliwa mwaka 2023. Orkaria ni ule udongo mwekundu wa kujipaka. Enaiposha ni maji mengi, kama ziwa au bahari. Mwezi Juni, karibu na saa sita usiku, nyota hii hupita karibu na utosi wa Nairobi, ingawa ni hafifu mno kwa macho matupu.

Hatua ya 1: Chagua jedwali

Kuna majedwali mawili yanayowachanganya wengi. La kwanza, ps, lina mstari mmoja kwa kila utafiti uliochapishwa, kwa hiyo sayari moja hujirudia mara nyingi; chuja ubaki na mistari yenye default_flag = 1, yaani utafiti uliochaguliwa na hifadhi kwa kila sayari. La pili, pscomppars, lina mstari mmoja kwa kila sayari, lakini namba zake zimeokotwa kutoka tafiti tofauti, na masi nyingine zimekadiriwa tu kutokana na ukubwa wa sayari. Ukitumia makadirio hayo kuchunguza uhusiano wa masi na ukubwa, utakuwa unazunguka palepale. Anza na ps.

Pakua safu hizi: hostname, pl_name, pl_rade, pl_bmasse, pl_orbsmax, pl_trandep, st_teff, st_rad, st_mass, st_met, st_metratio na st_logg. Zinazoanza na pl_ ni za sayari: nusukipenyo, masi, umbali hadi nyota, na upungufu wa mwanga. Zinazoanza na st_ ni za nyota: joto la uso, nusukipenyo, masi, metali, aina ya kipimo cha metali, na logi ya mvutano kwenye uso. Faili huanza na mistari ya maelezo yenye alama ya #. Kwenye Python andika comment="#" unapoisoma, la sivyo itakataa.

Hatua ya 2: Kokotoa ukubwa wa sayari wewe mwenyewe

Usiruke hatua hii hata kama pl_rade tayari imejazwa. Sayari inapopita mbele ya nyota, mwanga hupungua kwa kiasi kilicho sawa na mraba wa uwiano wa nusukipenyo zao. Kwa hiyo chukua kipeuo cha pili cha upungufu huo, zidisha kwa nusukipenyo ya nyota, kisha zidisha kwa 109.1, yaani nusukipenyo ya Jua kwa vipimo vya Dunia:

=109.1*A2*SQRT(B2/100)

A2 ni st_rad na B2 ni pl_trandep. Tunagawanya kwa 100 kwa sababu safu hiyo imeandikwa kwa asilimia; ukisahau, sayari itavimba mara kumi.

Kwa Orkaria, nusukipenyo ni 0.215 ya Jua na upungufu ni takriban 1.35%. Kipeuo ni 0.116, na Enaiposha inatoka na nusukipenyo 2.7 ya Dunia. Sasa weka 1 mahali pa 0.215, kana kwamba nyota hii ni Jua: unapata 12.7, sayari kubwa kuliko Mshtarii! Mwanga ni uleule, kilichobadilika ni nyota tu.

Makosa madogo nayo yana gharama. Enaiposha ina masi ya takriban Dunia 8, hivyo msongamano wake ni kama gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo. Ongeza nusukipenyo ya nyota kwa 10% tu, ujazo wa sayari unapanda kwa 33% na msongamano unashuka hadi 1.65. Hiyo ni sayari ya aina nyingine kabisa. Ndiyo maana uhaba wa sayari zenye nusukipenyo kati ya 1.5 na 2 ya Dunia ulionekana wazi mwaka 2017 tu, baada ya nyota zilizochunguzwa na darubini ya angani ya Kepler kupimwa upya kwa spektra nzuri, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake.

Hatua ya 3: Linganisha metali

Kwa wanafalaki, metali ni kila elementi nzito kuliko hidrojeni na heli. Safu ya st_met ni ya logi: 0 ni sawa na Jua, +0.3 ni mara mbili, -0.5 ni kama theluthi. Usichukue wastani ukidhani ni asilimia.

Bakiza nyota zenye st_teff kati ya 4,700 na 6,500 na st_logg zaidi ya 4, ili kuondoa nyota zilizokwisha kuvimba. Hakikisha st_metratio ni [Fe/H] kote, yaani chuma kikilinganishwa na hidrojeni. Kisha bakiza mstari mmoja kwa kila nyota, kwa sababu bila hivyo nyota yenye sayari sita itapiga kura mara sita. Gawa makundi mawili, nyota zenye majitu ya gesi (sayari kama Mshtarii) na zenye sayari ndogo pekee, uchore mgawanyo wa kila kundi.

Kundi la majitu litaegemea upande wa metali nyingi. Mwaka 2005 Debra Fischer na Jeff Valenti walionyesha kuwa, kwa nyota zinazofanana na Jua, uwezekano wa kuwa na jitu la gesi ni takriban 3% mara 10 kwa kipeo cha 2[Fe/H]. Kwa +0.3 hiyo ni 12%, kwa -0.3 haifiki hata 1%. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kiini kigumu cha masi kama Dunia 10 lazima kikamilike kabla gesi ya kuzunguka nyota haijatawanyika, na gesi hiyo hudumu miaka milioni chache tu. Vumbi likiwa jingi, kiini huwahi. Sayari ndogo hazina haraka hiyo, hivyo hupatikana kwenye nyota za metali nyingi na chache pia.

Usimwage vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye joto dogo kama Orkaria, ndani ya mchoro huu. Molekuli hujaza spektra zao, na metali zao ni ngumu kupima.

Hatua ya 4: Ondoa upendeleo wa njia ya ugunduzi

Uwezekano wa kuona sayari ikipita ni nusukipenyo ya nyota kugawanywa kwa umbali wa sayari hadi nyota yake. Kwa Dunia na Jua ni 0.47%, kwa Enaiposha, iliyo karibu mno na nyota yake, ni karibu 7%. Kwa hiyo kila sayari ipe uzito wa umbali kugawanywa kwa nusukipenyo ya nyota kabla ya kuhesabu. Nusukipenyo ya Jua ni 0.00465 ya umbali wa Dunia hadi Jua, kizio kilekile cha pl_orbsmax, kwa hiyo zidisha st_rad kwa 0.00465 kwanza.

Hatua ya 5: Jaribu jedwali lako

Joto la sayari isiyoakisi mwanga ni st_teff mara kipeuo cha pili cha jibu la nusukipenyo ya nyota kugawanywa kwa umbali mara mbili: =A2*SQRT(B2/(2*C2)), ambapo A2 ni st_teff, B2 nusukipenyo na C2 umbali. Weka namba za Orkaria na Enaiposha: 3,250, 0.0010 na 0.0149. Ikitoka takriban kelvini 595, vizio vyako viko sawa. Ikitoka maelfu mengi, umeacha nusukipenyo kwa kizio cha Jua. Rudi hatua ya 4.