Jinsi ya Kulinganisha na Kupanga Sehemu na Desimali

Mwanafunzi wa darasa la sita akiulizwa ipi ni kubwa kati ya 0.4 na 0.35, mara nyingi huchagua 0.35, kwa kuwa 35 inazidi 4. Kosa hilo hutokana na kuzisoma tarakimu zilizo baada ya nukta kana kwamba ni namba nzima. Ongeza sifuri mwishoni hadi idadi ya tarakimu ilingane, yaani 0.40 na 0.35, thamani haibadiliki, kwani sehemu nne za kumi ni sawa na sehemu arobaini za mia. Anayeshuku na amwombe muuza mukene (dagaa) wa soko la Nakasero, Kampala, ampimie: kilo 0.4 ni gramu 400, ilhali kilo 0.35 ni gramu 350 tu.

Sehemu zenye asili (namba ya chini) moja hulinganishwa kwa kiasi (namba ya juu). Asili zikitofautiana, tafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote bila baki. Kwa 3/4, 5/6 na 7/10, KDS ni 60, hivyo tunapata 45/60, 50/60 na 42/60. Mpangilio wa kupanda ni 7/10, 3/4, 5/6.

Kazi yenyewe huanza orodha inapochanganya aina zote mbili, kwa mfano 3/5, 0.58, 5/8, 0.605 na 7/12. Hapa napendelea kugeuza zote kuwa desimali kwa kugawanya kiasi kwa asili, kisha kuziandika wima, nukta chini ya nukta:

3/5 = 0.600
0.58 = 0.580
5/8 = 0.625
0.605 = 0.605
7/12 = 0.583...

Linganisha kuanzia kushoto, nafasi moja baada ya nyingine. Anayekatisha 7 ÷ 12 kwenye 0.58 atadhani ni sawa na 0.58, na hapo ndipo alama hupotea. Jibu, likiandikwa kwa namba kama zilivyotolewa katika swali, ni 0.58, 7/12, 3/5, 0.605, 5/8.

Kukadiria nako kunahitaji uangalifu. Ukipewa 0.667, 2/3 na 0.66, usikadirie 2/3 kuwa 0.667, kwa maana zitaonekana sawa. Endelea kugawanya hadi nafasi ya nne, 0.6666..., uone kwamba 0.66 < 2/3 < 0.667.