Kabla ya Kupimwa Tezi ya Dundumio: Mambo ya Kuzingatia

Mchochota wa dundumio, tezi iliyo mbele ya koo, hudanganya kwa kubadilika. Mara nyingi tezi iliyojeruhiwa huvujisha kwanza homoni ilizozihifadhi, moyo ukaenda mbio na mwili ukakonda. Akiba ikiisha, mgonjwa huanza kuhisi baridi, kunenepa, kufunga choo na kuchoka. Kwa hiyo andika dalili zako kwa mfuatano wake kabla ya kwenda kliniki, wala usingoje rovu lionekane shingoni, kwani huenda lisitokee kabisa.

Mweleze daktari ikiwa umejifungua ndani ya mwaka mmoja uliopita, ikiwa uliugua mafua yakafuatwa na maumivu ya shingo yanayopanda hadi masikioni, au ikiwa kwenu kuna mwenye maradhi ya tezi.

Kisha chukua kila unachokimeza, hata kile usichokiita dawa. Wifi yangu wa Kisauni alianza kupukutika nywele miezi michache baada ya kujifungua, akanunua vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi, aina ya vitamini B. Wakati huo alikuwa akijifunika blanketi mwezi wa Februari, Mombasa nzima ikilala madirisha wazi, na sauti yake imekuwa nzito; wazee wakasema ni uchovu wa kulea. Alipopimwa, majibu yalionyesha TSH (homoni itokayo kichwani kuisukuma tezi, nayo hupanda tezi ikilegea) ndogo na homoni za tezi nyingi, akaandikiwa kabimazoli ili kuipunguza kazi tezi ambayo tayari ilikuwa imelegea. Uso ukazidi kuvimba, na usingizi ukamlemea hata kilio cha mtoto hakisikii. Iliniuma sana kumwona hivyo. Daktari wa pili ndiye aliyemtaka aweke mezani kila alichokuwa akitumia, akamweleza kwamba bayotini huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, ikafanya TSH ionekane ndogo na homoni zionekane nyingi kuliko zilivyo mwilini. Alipoacha vidonge vile na kupimwa upya, TSH ilikuwa juu sana. Basi acha bayotini angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na soma vibandiko vya vitamini mchanganyiko pia, kwa kuwa nyingi zinayo.

Ukiandikiwa levothairoksini, dawa ya kujazia homoni ya tezi iliyopungua, imeze kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya maziwa na mahamri. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu viachane nayo kwa saa 4. Usiviache vidonge ndani ya gari wala dirishani penye jua. Mwenye kufunga Ramadhani aulize mapema saa ya kumeza, na anayepata mimba amwone daktari mara moja, kwa sababu kipimo cha dawa kwa kawaida huhitaji kuongezwa. Usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu, usiazime ya jirani, na moyo ukienda mbio huku pumzi ikikatika, nenda hospitali usiku huohuo.