Likizo ya Familia Unguja kwa Gharama Nafuu: Panga Siku kwa Kufuata Maji

Familia inayovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa siku tano, ikishalipa nauli ya boti na malazi, inaweza kutumia fedha kidogo sana, kwa kuwa mambo mengi ambayo watoto huyakumbuka baadaye hayana kiingilio. Kinachomaliza fedha ni kukodi gari kila siku na kufika pwani wakati maji yamekwenda mbali, hata wazazi wakajikuta wanalipia safari ya boti ambayo hawakuikusudia ili watoto wasinung'unike. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta chumba, angalia mwezi wa angani.

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Paje na Jambiani, ina maji mafupi mpaka kwenye mwamba ulio mbali na nchi kavu, na bahari inapokupwa huacha uwanda mpana wa mchanga ambao mtu huutembea kwa miguu. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni siku za bamvua: maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50, na baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi, ingawa tofauti huwa ndogo kwa sababu hayo ni maji mafu. Ukijua hayo, utajua siku gani watoto wataogelea asubuhi na siku gani watasubiri alasiri. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, huogeleka karibu saa zote, lakini vyumba vya huko kwa kawaida ni ghali zaidi.

Saa za kupwa zisihesabiwe kuwa hasara. Wavalishe watoto viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu ya mawe makali na viumbe vyenye miiba, kisha tembea nao taratibu. Watoto wangu waliwahi kukaa karibu saa nzima wamechutama kwenye kidimbwi kisichozidi upana wa kanga, wakimtazama kaa mdogo akitoka chini ya jiwe, akikikaribia kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, kisha akirudi mbio kila kivuli chao kilipomwangukia. Hakuna kiingilio ambacho kingewapa furaha ile. Huko ndiko wanawake wa Paje na Jambiani wanakolima mwani kwa kufunga vipande vyake kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vijiti. Wasalimie kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na wazuie watoto wasikanyage kamba, kwani hilo ni shamba la mtu. Maji yanapoanza kujaa rudini mapema, maana huingia kwanza kwenye sehemu za chini na huweza kuwatenganisha na ufukwe.

Kuhusu malazi, ushauri wangu ni kulala siku mbili mjini na siku tatu katika kijiji kimoja cha pwani, bila kuhamahama. Daladala huunganisha mji na vijiji vingi, na nauli yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya teksi. Namba 116 huenda Nungwi na namba 309 huenda Jambiani. Panda asubuhi, beba mizigo midogo, na umuulize kondakta gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi. Siku ya kuhamia kijijini na mabegi yote, ikiwa mko watano au sita, teksi moja iliyopatanwa bei kabla ya kuondoka si anasa.

Mjini, tembeeni kwa miguu. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hutazamwa vizuri zaidi na mtu asiye na haraka, anayesimama kwenye milango ya mbao iliyochongwa na kupumzika barazani. Beit el Ajaib, jumba la sultani lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020, kwa hiyo itazameni kutoka nje. Eneo la Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, lina kiingilio na linastahili kulipiwa, ila ningewapeleka watoto wakubwa tu, tena baada ya kuzungumza nao kwanza.

Alasiri za bamvua nendeni Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari hapo Mji Mkongwe, kwani maji yakiwa juu vijana wa mji hukimbia na kuruka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na watoto wenu hawatataka kuondoka. Jua likizama meza za vyakula hupangwa. Agizeni urojo: bakuli la mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe, ndani yake viazi, bajia, kachori na mishikaki, juu chatini ya nazi na chipsi za muhogo zinazolia mdomoni. Bakuli moja humtosha mtoto. Uliza bei kabla chakula hakijawekwa kwenye sahani, na pilipili iombwe pembeni.

Msitu wa Jozani uko kwenye barabara ya kwenda kusini, na daladala za Jambiani hupita langoni. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni. Kima punju, ambao hawapatikani kiasili popote duniani isipokuwa Zanzibar, hukaa karibu na watu. Waambie watoto wachunguze mikono yao isiyo na kidole gumba cha maana, lakini wasiwaguse wala kuwalisha. Njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko ni fupi na hata mtoto wa miaka minne huimaliza.

Kisiwa cha Changuu, chenye kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, walioletwa mwaka 1919, huhitaji boti, na boti hukodiwa nzima. Unganeni na familia nyingine ili kugawana gharama, na msipande kabla kila mtoto hajavaa jaketi la kuokolea.

Vyumba hupungua bei wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ila mvua huweza kuwafungia ndani siku nzima. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya kawaida hufungwa mchana, hivyo wenye watoto wadogo watafute chumba chenye jiko. Siku ya kurudi, hasa kipindi cha kusi, yaani pepo za kutoka kusini, chagueni boti ya asubuhi, kabla upepo haujashika nguvu, na mkae katikati kuelekea nyuma, ambako mawimbi hayasikiki sana.