Mashine ya fotokopi ya kujihudumia: jinsi taasisi inavyojikinga na kesi ya hakimiliki

Ukiweka mashine ya fotokopi watu wajihudumie, anayebonyeza kitufe si wewe, lakini kesi inaweza kukufuata. Mwaka 1975 mahakama ya juu kabisa ya Australia iliamua kwamba Chuo Kikuu cha New South Wales kiliidhinisha uvunjaji wa hakimiliki, baada ya mtu kutoa nakala ya hadithi ya Frank Moorhouse kwenye mashine ya maktaba. Chuo hakikumtuma, lakini hakikuchukua hatua za kutosha kuzuia. Canada, mwaka 2004, Mahakama ya Juu ilisema kuwa na mashine peke yake si kuidhinisha. Soma kwanza sheria ya kwenu, ila jipange kwa ile kali.

Anza na tangazo: A4, herufi za kusomeka mtu akiwa amesimama, ukutani juu ya vitufe. Usilibandike ndani ya kifuniko, maana litatokea kwenye nakala na watu watalibandua. Limweleze mtumiaji moja kwa moja: "Kitabu unachonakili huenda kina hakimiliki. Nakala unazotoa ni jukumu lako." Pale ambapo kanuni zimeweka maneno ya tangazo, yachukue yalivyo (nakala hiyo haina wa kukushtaki). Usiandike "asilimia 10 ruksa" kwa kusikia tu. Kipimo hicho kipo Australia, kwa utafiti na masomo. Marekani sheria haina asilimia maalumu.

Skana inayotuma barua pepe iwekewe onyo hilohilo kwenye skrini. Mashine nyingi za ofisini zina diski inayotunza kurasa zilizopita. Washa ufutaji baada ya kila kazi, la sivyo kitabu cha watu kinabaki ndani ya mali yako.

Tangazo halimlindi mfanyakazi wako. Akipokea kitabu dirishani na kukinakili chote, aliyenakili ni taasisi. Hata aliyewekwa kuongeza karatasi na kuuza kadi apewe agizo la maandishi: akiona mtu anapindua kurasa kuanzia jalada hadi jalada, amwonyeshe tangazo na asimwongezee karatasi. Asigeuke hakimu, jambo lenye utata alipeleke kwa msimamizi.

Kila asubuhi kagua meza iliyo kando ya mashine. Ukikuta bahasha ya "nakala mama" iliyoachwa na mwalimu ili kila mwanafunzi atoe nakala yake, iondoe siku hiyohiyo na uandike tarehe. Bahasha hiyo ikikaa hapo nawe unaiona, tangazo la ukutani halitakusaidia sana mahakamani.