Mazoezi kwa mwenye ADHD: namna ya kuanza, na namna ya kurudi ukikatika

Mwenye ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kushikilia umakini na kutulia, akiacha mazoezi huambiwa hana nia. Nia anayo, tena mara nyingi imezidi: Jumatatu amenunua raba, amelipia jimu mwaka mzima na kukimbia saa nzima. Jumatano miguu inamuuma, Ijumaa amesahau, na wiki ya pili anaona haya kurudi. Huo si uvivu. ADHD inahusishwa na utendaji tofauti wa dopamini na noradrenalini, kemikali zinazousaidia ubongo kuanza jambo na kulishikilia. Ndiyo maana faida ya miezi sita ijayo haina nguvu ya kumnyanyua mtu kitini leo. Panga mambo mawili tu kwa makini: jinsi utakavyoanza kila siku, na jinsi utakavyorudi ukikatika.

Tuanze na usiku. Kabla ya kulala, weka bukta, fulana, soksi na raba pamoja sakafuni, mahali ambapo lazima upite asubuhi. Usizitie kabatini, maana kisichoonekana husahaulika. Jaza chupa ya maji, chaji simu. Kutafuta soksi moja kunatosha kukupoteza: unaingia chumbani kuitafuta, unakuta nguo za kukunja, na muda umekwenda.

Zoezi ulifuatishe jambo usilolikosa: baada ya swala ya alfajiri, au baada ya kumfikisha mtoto shuleni. Unayefanya jioni, badili nguo kazini kabla ya kutoka. Ukishafika nyumbani na kukaa kwenye kochi, uwezekano wa kunyanyuka ni mdogo mno.

Tegesha kengele mbili. Ya kwanza ilie dakika 15 kabla, ikuambie uache unachofanya. Ya pili ni ya kuvaa raba. Watu wengi hutegesha moja tu, nayo huwakuta katikati ya jambo, wakaizima huku wakisema "dakika tano tu". Kuhisi muda unavyopita ni kazi ngumu kwa mwenye ADHD, na hizo tano huwa arobaini. Sikio likishauzoea mlio, ubadilishe, na simu uiache chumba kingine.

Sasa kiasi. Weka kiwango cha chini kabisa ambacho hata siku mbaya utakimudu: vaa raba, ruka kamba mara 50, chuchumaa na kusimama mara 10, piga pushapu 10 ukiegemea ukuta. Ni kama dakika tano. Ukimaliza na bado unataka, endelea. Usipotaka, siku hiyo imehesabika. Weka na kiwango cha juu, na hili ndilo linalopuuzwa zaidi: wiki mbili za kwanza usizidishe dakika 20, hata ukisikia nguvu zimejaa. Maumivu ya misuli hukolea siku moja hadi tatu baada ya kuzidisha, na hapo ndipo wengi hukatika. Kuna wanaozama kwenye zoezi hadi wakasahau saa. Hao wawe na kengele ya kumalizia pia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Ongeza kidogo kidogo ufike huko. Wastani maana yake unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba.

Uchovu wa jambo lile lile utakuja, kwa hiyo uandalie. Kuwa na mazoezi matatu, mathalani kamba, mbio za polepole na mpira, uyazungushe. Saa isibadilike, zoezi ndilo libadilike. Jimu lipie kwa siku au kwa mwezi.

Mwenza wa mazoezi husaidia sana. Vikundi vya joging vya Dar es Salaam, vinavyopita barabarani alfajiri za mwisho wa wiki wakiimba, vinamfaa sana mtu huyu: kuna sauti, kuna watu, na hakuna la kuamua. Kama huna kikundi, mwombe jirani akupitie mlangoni. Asikuulize kwa simu kama utakuja, kwa sababu swali hilo linakupa nafasi ya kukataa.

Yapangie mazoezi kazi. Baada ya dakika 20 hadi 30 za kutoa jasho, umakini huelekea kuwa bora kwa muda. Basi hapo weka ripoti au somo ulilokuwa ukilikwepa. Malipo hayo ya papo hapo ndiyo yatakayokurudisha kesho. Zoezi zito la karibu na kulala liepuke ikiwa usingizi unakusumbua.

Anayetumia methilifenideti, dawa ya ADHD, aongee na daktari wake kabla ya kuanza mazoezi mazito, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuongeza mapigo ya moyo na presha. Pia hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo kula kabla haijakolea. Na usiache dawa kwa sababu umeanza mazoezi.

Kukatika kutatokea: malaria, safari, msiba. Usihesabu siku mfululizo, kwani moja ikikosekana hesabu yote huonekana imeharibika. Hesabu mara ngapi umefanya kwa mwezi, kwa alama za kalamu kwenye kalenda ya ukutani. 12 ni mwanzo mzuri. Ukirudi, usilipe deni la siku zilizopita. Siku tatu za kwanza fanya kile kiwango cha chini tu, hata kama mwili unaomba zaidi.