Firefox mpya kwenye kompyuta ya RAM 4: anza na kulaza tabu

Kompyuta ya steshenari ninapopigia kazi hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la dagaa la Mwaloni, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB na imevuta vumbi la dagaa miaka na miaka, kwa hiyo mtu akiniambia brauza imekuja na vitu vipya mimi nauliza kimoja tu, itaniganda mara ngapi kwa siku? Firefox mwaka 2025 walileta mengi, ila kwangu yaliyoleta maana ni matatu, na hata hayo hayalingani.

Kwanza apdeti. Bofya vistari vitatu juu kulia, shuka kwenye Help, halafu About Firefox, itatafuta na kushusha yenyewe, ikimaliza inakupa kitufe cha kuristati. Kama unatumia hotspoti ya simu subiri bando la usiku. Namba ya toleo ikisoma 140 kwenda juu uko vizuri. Ikigoma kwenye 115 cheki Windows yako, kama ni 7 au 8 basi hapo ndo kituo cha mwisho, haya ninayoeleza hutayaona usihangaike.

Haya, la kwanza ni kulaza tabu, yaani kurasa ulizofungua zilizojipanga juu ya brauza. Kwenye simu ya Kiswahili wanaziita vichupo, sisi tunasema tabu na jina linazifaa kabisa. Ikifika saa nne asubuhi ninazo kama ishirini, fomu za chuo, imeili za wateja, mtu kaacha video ya mahubiri inacheza, na mashine imeanza kuguna. Zamani nilikuwa nafunga tu halafu mteja akirudi naanza kutafuta upya. Toka toleo la 140 raiti kliki kwenye tabu, chagua Unload Tab, inalala. Inabaki palepale kwenye foleni ila RAM imeiachia, ukiibofya inaamka kwa kujiload upya. Kulaza nyingi kwa mpigo shika Ctrl huku unazibofya mojamoja, ndo uraiti kliki. Na ukitaka kumjua mlaji, kwenye sehemu ya kuandika anwani andika about:processes piga enta, utaona kila tabu na RAM inayokula, mara nyingi mwizi ni ileile video.

Ila ngoja nikwambie nilivyoaibika. Mama mmoja wa dagaa alikuja kulipia kitu, nikamtolea kontrol namba ikawa ipo kwenye skrini, akasema anakimbilia Mwaloni kuchukua hela. Mimi kwa ujanja wangu nikailaza. Karudi na hela mkononi, naibofya, imejiload na kunirudisha kwenye kulogin, namba hakuna.

"Mwanangu, si ulikuwa unaiona hapohapo?"

"Nisamehe mama, kaa kidogo nikutolee tena."

Alikaa, ila aliguna kuliko kompyuta. Kwa hiyo ukurasa wowote ulioingia kwa paswedi usiulaze kabla hujaprinti au kupiga skrinishoti.

La pili ni makundi ya tabu, haya yalifika kwa watu wote kwenye 138. Buruta tabu moja uiweke juu ya nyingine, tulia kidogo ndo uachie, inakuomba jina na rangi. Mimi nayapa majina kwa mteja, "fomu za chuo", "mama dagaa", "bosi". Ukibofya jina kundi linajikunja. Ukiraiti kliki jina kuna Save and Close Group, linafungwa lote na kuhifadhiwa, utalikuta kwenye kimshale cha kushuka kilichopo juu mwisho wa mstari wa tabu. Hii ni tamu kwa mteja anayesema narudi kesho. Kazi ikiisha lakini mlogoutishe kwanza kisha ulidiliti kundi lake, kompyuta ya steshenari inakaliwa na kila mtu bwana.

La tatu, tabu za kusimama wima pembeni, zilikuja na 136. Raiti kliki sehemu tupu kwenye mstari wa tabu, bofya Turn on Vertical Tabs. Kwenye laptop pana ni nzuri, majina yanasomeka yote. Kwenye monita yetu ya mraba zilimeza nusu ya fomu, bosi alipoingia hata salamu hakutoa.

"Rudisha huko juu, macho yangu yamezoea huko."

Nikarudisha.