Wito wa kwanza wa timu ya taifa ya raga: mambo ya kukamilisha kabla ya kuvaa jezi

Anza na ustahiki, maana hapo kosa halirekebishiki kwa mazoezi. Kanuni ya 8 ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, inakuruhusu kuichezea nchi uliyozaliwa, au aliyozaliwa mmoja wa wazazi, babu au bibi zako. Njia nyingine ni muda: miezi 60 mfululizo kabla ya mechi ukiwa umesajiliwa na chama cha nchi hiyo pekee, au ukaazi wa miaka 10 kwa jumla. Paspoti peke yake haikupi nafasi, ila kwenye Olimpiki uraia nao unadaiwa.

Ukipitia kwa bibi, tafuta vyeti vitatu vya kuzaliwa: chako, cha mzazi na cha bibi mwenyewe. Majina yasiposomana kwa sababu ya ndoa, ongeza cheti cha ndoa. Wa ukaazi atunze tarehe za kila safari ya nje, kwa sababu hesabu ya muda hubishaniwa hapo.

Kisha uliza swali ambalo vijana wengi hawaulizi: je, mechi hii inanifunga, yaani inanizuia kuichezea nchi nyingine? Timu ya wakubwa ya wachezaji 15 inakufunga, hata ukiingia dakika ya mwisho kutoka benchi. Timu ya pili ambayo chama kimeiteua rasmi inaweza kukufunga, na raga ya wachezaji saba pia. Mwaka 2018 Romania, Hispania na Ubelgiji zilikatwa pointi kwa kuchezesha wasiostahiki, na Urusi ndiyo ikaenda Kombe la Dunia la 2019. Mchezaji wa Romania aliyeleta balaa alikuwa tayari ameichezea Tonga raga ya saba. Tangu 2022 unaweza kuhama mara moja tu, baada ya kukaa miezi 36 bila mechi ya kimataifa, tena kwenda nchi uliyozaliwa wewe, mzazi, babu au bibi. Kwa mchezaji wa miaka 20, miezi 36 ni mingi mno.

Mkataba wa klabu usome ukiwa na wakili. Kanuni ya 9 inailazimu klabu kukuachia katika vipindi vya kimataifa, kwa hiyo kifungu cha kukuzuia kifutwe kabla hujatia sahihi. Bima isipotaja jeraha la kambi ya taifa, sisitiza litajwe.

Dawa zilizokatazwa huwanasa hata wasio na nia mbaya. Kopo la unga wa protini linaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye lebo, na utetezi wa “sikujua” haukufutii kosa. Tumia lililopimwa na maabara huru, uhifadhi namba ya toleo. Ukiingizwa kwenye orodha ya kupimwa, utataja mahali na dakika 60 za kila siku utakapopatikana. Makosa matatu ndani ya miezi 12 yanatosha kukufungia. Wengi hukosa kwa uzembe tu: wamelala kambini, fomu bado inasema nyumbani.

Uwanjani, kinachomwumbua mgeni ni kukaba. Mbeba mpira wa kimataifa hufika mapema kuliko ulivyozoea, ukabaki umesimama wima, bega likapanda kichwani mwake, kadi nyekundu ikatoka. Piga hatua fupi za mwisho, kunja magoti na nyonga, macho juu, mguu wa mbele ukanyage karibu naye. Bega lilenge chini ya kifua, kichwa kipite nyuma ya makalio yake, kamwe kisiwe mbele ya magoti. Kichwa kikiwa upande mbaya, ubongo wako ndio utakaotikisika.

Ukipigwa kichwani ukaona kizunguzungu, kichefuchefu au ukungu machoni, toka. Usimwambie daktari uko sawa ili ulinde namba yako. Kurudi kuna hatua sita, na dalili zikijitokeza tena unarudi hatua moja nyuma. Raga isiyo ya kulipwa haikurudishi mechini kabla ya siku 21.

Mwisho, andika mzigo wako mwenyewe: dakika za zoezi mara ugumu wake, 1 hadi 10. Dakika 90 za ugumu wa 7 ni 630. Kocha wa klabu na wa taifa kila mmoja huhesabu vipindi vyake tu, na misuli ya nyuma ya paja inabeba jumla ya vyote. Wapelekee wote wawili jedwali hilo kila Jumatatu.